Siku Kumi Ndani ya Coaster: Dar es Salaam hadi Matema na Vijana Waliofiwa

Kwenye misiba yetu kijana wa miaka 15 hana pa kukaa. Ndani kina mama wamejaa mkekani, nje wazee wameshika viti vya kukodi. Yeye anatumwa: maji, kuni, kupanga viti, kwenda kituoni kupokea wageni waliopotea njia. Mtoto mdogo anabembelezwa, mjane anashikwa mkono, kijana anaambiwa ajikaze. Matanga yanaanuliwa, arobaini inapita, watu wanarudi makwao. Hapo ndipo usingizi unapoanza kumkatika.

Safari hii, kutoka Dar hadi Matema kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, ni ya huyo. Vijana 12 wa miaka 13 hadi 18, watu wazima 4: madereva wawili, mlezi wa kike na mlezi wa kiume, mmoja wao akiwa afisa ustawi wa jamii au mshauri nasaha mwenye uzoefu wa misiba. Siku 10, likizo ya Juni, takriban kilomita 2,100 kwenda na kurudi pamoja na michepuko.

Kabla ya kuondoka

Asichukuliwe aliyefiwa juzi. Kabla ya arobaini kijana bado ana watu nyumbani, na kumtoa ni kumpunja. Miezi minne hadi mwaka na nusu baada ya mazishi ndiyo inayofaa.

Barua ya ruhusa isainiwe na anayemlea kweli, si mwenye sauti kubwa kwenye ukoo. Mirathi ikiwa bado inabishaniwa, baba mdogo anaweza kusaini leo, kesho shangazi akapiga simu gari likiwa Chalinze, anasema mtoto ametoroshwa. Kwa hiyo barua ipitie serikali ya mtaa, igongwe mhuri, zitoke nakala tatu: moja garini, moja nyumbani, moja kwa mwandaaji anayebaki Dar. Kadi ya bima ya afya nayo ikaguliwe wiki mbili kabla. Kama mtoto alikuwa tegemezi wa mzazi aliyefariki, kadi inaweza kuwa imeshakufa bila mtu nyumbani kujua.

Kuna mtoto ambaye mama yake yuko eda. Mjane wa Kiislamu hukaa miezi 4 na siku 10, na mara nyingi huyu ndiye anayekwenda sokoni na kuchota maji. Hawezi kupumzika kilomita 900 kutoka nyumbani huku akiwaza nani amenunua unga. Atafutwe mtu wa kushika kazi hizo, jina lake liandikwe kwenye fomu, na kijana apige simu nyumbani kila siku saa 2 usiku.

Dawa kila mmoja akae nazo kwenye begi lake. Hili ni la lazima. Kwenye kundi la vijana waliofiwa kuna uwezekano wa kuwamo anayemeza ARV, na sanduku la pamoja la dawa litamtangaza mbele ya wenzake. Mlezi ajue saa ya kila dozi, ampe ishara waliyokubaliana, basi. Mwenye seli mundu aandaliwe sweta mbili na maji ya kutosha, maana baridi ya Iringa na Tukuyu mwezi wa Juni inaweza kumletea maumivu. Sanduku la huduma ya kwanza libebe ORS, parasetamo, plasta, vipimo vya haraka vya malaria, na pedi pakiti 6. Pedi zikae mahali ambapo msichana anachukua bila kuomba.

Gari: Coaster ya siti 26 au zaidi, na siti za kukunja za katikati zisikaliwe na mtu. Nafasi tupu si hasara, kuna saa kijana anataka kukaa peke yake. Fundi akague liner za breki, mkanda wa feni, maji ya rejeta na mipira yake, tairi zote na spea mbili. Coaster ya dizeli iliyopakiwa hivi hula lita moja kwa kilomita 6 au 7, kwa hiyo bajeti iwe lita 320 na akiba ya lita 30.

Kila kijana abebe kitu kimoja cha marehemu. Kisiwe cha pekee duniani. Kama ni picha, ipigwe nakala. Kama ni sauti za marehemu kwenye WhatsApp, zihifadhiwe mahali pengine pia. Simu huangukia majini Matema, na mtoto aliyepoteza sauti ya mama yake amefiwa mara ya pili mikononi mwenu.

Siku ya 1, Jumatatu: Dar es Salaam – Mikumi, km 300

Gari linatoka saa 11:30 alfajiri, kabla foleni ya Mbezi na Kibaha haijafunga. Anayetaka kuanza na duara la kujitambulisha aache. Hawa wametambulishwa vya kutosha, "huyu ndiye mtoto wa marehemu", na wamechoka. Waingie, wapewe siti, chapati mbili na mayai mawili ya kuchemsha kila mmoja, gari liondoke. Wanaotapika wakae mbele, dirishani, na ndoo ndogo yenye mfuniko. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na ya karatasi hupasuka.

Badala ya kujitambulisha, wapewe kazi. Konda wa siku anahesabu watu kila baada ya kusimama na kufunga mlango. Karani anaandika kilomita, lita na saa kwenye daftari. DJ anapiga wimbo mmoja wa kila mtu kwa zamu. Wapishi wawili. Kazi zinabadilika kila asubuhi. Na kuna neno moja la kuwafundisha siku hiyo: "Napita." Ukiulizwa swali, ukiletewa wimbo uliopigwa msibani kwenu, ukitakiwa kupanda mlima, sema napita, na hakuna ruhusa ya kuuliza kwa nini. Watu wazima walishike zaidi ya watoto.

Kwa nini Coaster, kwa nini si ukumbi wenye viti vya duara? Kwenye gari wawili hukaa bega kwa bega, wote wanatazama mbele. Hakuna anayemtazama mwenzake usoni wala anayesubiri jibu, na nje kunabadilika kila dakika, kwa hiyo kunyamaza hakumlemei mtu. Mazungumzo ya kwanza huja yenyewe, mara nyingi baada ya Chalinze, na karibu hayana huzuni ndani yake. Huwa ni hesabu tupu:

– Wewe nani?
– Mama.
– Lini?
– Mwezi wa tatu. Wewe?
– Mzee. Novemba.

Kisha biskuti inavunjwa mbili. Mlezi aliyekaa siti ya mbele akisikia haya asigeuke. Akigeuka tu, yamekwisha.

Kila wanaposimama, siti zinabadilishwa, jirani mpya. Wasipangwe kwa aina ya kifo, wa ajali na wa ajali, wa saratani na wa saratani. Wataulizana wenyewe. Ila umri usipishane zaidi ya miaka mitatu kwa siti moja.

Chakula cha mchana Morogoro, mguuni mwa Uluguru, halafu mbugani. Barabara kuu hukata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50. Mwendo ni 70 mchana na 50 usiku, hakuna kusimama ovyo wala kushuka, na vibao vinaorodhesha faini ya kugonga mnyama. Madirisha yafungwe nyani wanapoonekana, wanajua mfuko wa chakula ulivyo. Kwa nusu saa hapa, tembo yuko kushoto, twiga kulia, gari zima linapiga kelele, hakuna aliyefiwa.

Deni la kelele hizo hulipwa usiku. Saa 3 au 4 kwenye gesti ya Mikumi mjini yupo atakayekaa nje peke yake, na akiulizwa na mwenzake atasema alicheka leo. Amecheka na baba yake yuko kaburini. Asijibiwe "baba yako angependa ufurahi". Hamkumjua baba yake. Inatosha kuambiwa kwamba hilo huwapata wengi siku ya kwanza, na kwamba kucheka hakufuti kitu. Mlezi mmoja abaki macho hadi saa 6 usiku, mlango wazi, taa inawaka, anasoma chochote. Watapita kwenda kunywa maji ambayo hawayahitaji. Hospitali iliyo karibu ni ya Mtakatifu Kizito, hapo hapo Mikumi.

Siku ya 2, Jumanne: Mikumi – Iringa, km 190

Kuondoka saa 2, bila haraka. Ruaha Mbuyuni vinanunuliwa vitunguu, kisha barabara inafuata bonde la mibuyu kandokando ya mto hadi mguuni mwa mlima wa Kitonga.

Aliyefiwa kwa ajali ya barabarani aambiwe kuhusu Kitonga jana yake usiku, si mlimani. Aelezwe kona zilivyo, malori yanavyopanda kwa kujivuta, na kwamba kupanda kunachukua muda mfupi. Achague siti mwenyewe. Wengine wanataka katikati, macho kwenye simu. Wengine, na hawa ni wengi kuliko mtu angedhani, wanataka mbele kabisa waone kila kitu. Huyo wa mbele apewe kazi ya kumsomea dereva geji ya joto. Mtu mwenye hofu akiwa na mshale wa kuangalia hutulia kuliko akiambiwa usiogope.

Dereva apande kwa gia ya 2, AC imezimwa, asiovateki lori kwenye kona hata likimkera vipi. Mshale wa joto ukipanda, asogee hadi palipo upana, aache injini ikiunguruma bila mzigo, na mfuniko wa rejeta usiguswe hadi ipoe. Coaster kuchemsha Kitonga kwa kawaida ni mpira mchovu au mkanda uliolegea, vitu ambavyo fundi wa Dar angeviona.

Kijana akishikwa na hofu kali, utaona mikono ya baridi, pumzi fupi fupi, anataka kushuka hapo hapo. Gari lisisimame kwenye kona kwa ajili yake. Jirani, si lazima mlezi, ahesabu naye: kuvuta pumzi hadi 4, kuitoa hadi 6, miguu imekandamizwa sakafuni, dakika 3 au 4. Maji baridi usoni. Juu ya mlima gari linapumzika, wote wanashuka, na yeye asifanywe tamasha. Baadaye Ilula, nyanya za tenga na zogo la wauzaji dirishani huwarudisha wote duniani. Hospitali ya Walutheri iko hapo Ilula pia.

Jioni, Gangilonga, jiwe lililo juu ya mji wa Iringa. Kwa Kihehe jina lake ni jiwe linalosema, na inasimuliwa kwamba Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alikuwa akienda hapo kutafakari. Kupanda si kazi kubwa. Wakae juu jua likizama, bila hotuba. Masweta yawe mkononi, baridi ya Juni huanguka ghafla.

Siku ya 3, Jumatano: Kalenga na Isimila

Siku nzito kuliko zote, na ndiyo maana gari haliendi mbali. Kalenga iko kama kilomita 15 kutoka mjini. Kwenye makumbusho kuna fuvu la Mkwawa. Wajerumani walilichukua baada ya kifo chake mwaka 1898. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza lirudishwe, na bado Wahehe walisubiri hadi Juni 1954, gavana Edward Twining alipolikabidhi. Miaka 56 ya msiba usiofungwa.

Kwenye kundi la watu 12 wamo ambao hawakuzika. Aliyekuwa bweni na akafichwa hadi amalize mtihani wa kidato cha nne. Ambaye mwili haukupatikana ziwani. Aliyefika kaburi limeshafukiwa kwa sababu mwili hauwezi kukaa, au kwa sababu dini inataka haraka. Hawa hubeba hasira ambayo nyumbani haina pa kutua, kwa kuwa waliowaficha ndio wanaowalisha. Mbele ya fuvu lile wanaanza kuuliza mambo. Kwa nini waliling'ang'ania kichwa? Kina kazi gani, mtu si ameshakufa? Mwongozaji wa makumbusho ajibu historia, walezi wanyamaze. Vijana watajibizana wenyewe garini, na hapo aliyefichwa msiba huwa anasema, mara ya kwanza, kwamba alifichwa.

Sasa hatari. Mkwawa alijipiga risasi asikamatwe, na mwongozaji atalisimulia hilo kama ushujaa, kama linavyosimuliwa shuleni. Kwa kijana ambaye mzazi wake alijiua, sentensi hiyo ni kisu. Nyumbani aliambiwa aseme ni presha. Mlezi ajue mapema kupitia fomu na mazungumzo na familia, amweleze faragha kabla ya kuondoka gestini kitakachosemwa, ampe nafasi ya kupita. Akipita, abaki nje na mwenzake mmoja pamoja na mtu mzima, wakinunua miwa au wakipiga danadana. Wasibaki watu wengi nje, wala asibaki peke yake.

Isimila, kilomita 20 kwenye barabara ya Mbeya, ni mchana mwepesi: zana za mawe za kale na nguzo za udongo zilizochongwa na mvua. Kofia, maji lita moja kwa kila mtu, saa moja na nusu inatosha.

Usiku huu ndio wa kukaa macho. Kijana akisema anataka kumfuata marehemu, aulizwe wazi: unafikiria kujiua? Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, hasa akiwa na mpango, haachwi peke yake, hata chooni mlango usifungwe, dawa na vyenye makali vinaondolewa chumbani, na anapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa usiku huo huo, si kesho. Simu 116, ya huduma kwa mtoto, ni ya bure na inapokelewa usiku pia. Mlezi wa nyumbani anapigiwa. Safari ya wengine inaweza kusubiri siku moja.

Siku ya 4, Alhamisi: Iringa – Tukuyu, karibu km 390

Kuondoka saa 12 asubuhi. Mafinga na misitu ya misonobari ya Sao Hill, Makambako kwa chai, kushuka Usangu, Chimala kwa chakula cha mchana (hospitali ya misheni ipo), Uyole saa 10, halafu kushoto kuelekea Tukuyu. Tochi za trafiki ni nyingi, na kila kijiji kina kibao cha 50. Karani aliye makini humwambia dereva kabla ya kibao.

Leo watagombana. Iwe chaja, iwe dirisha, iwe nani kamkanyaga nani. Siku ya nne uchovu umefika na adabu ya ugeni imekwisha, na hiyo ya pili ni habari njema. Gari lisimame palipo salama, wagombanaji watembee mita 200 hivi, mtu mzima nyuma yao kwa mbali, na msamaha usidaiwe kabla ya chakula. Mwenye njaa haombi radhi ya kweli.

Siku ya 5, Ijumaa: Tukuyu

Ukungu asubuhi, chai na migomba kila upande, Mlima Rungwe umejificha. Daraja la Mungu, jiwe la volkano lililojipinda juu ya Mto Kiwira, liko eneo la Magereza. Mnajiandikisha, mnauliza panaporuhusiwa kupigwa picha, mnatii. Miamba ina utelezi. Viatu vyenye kushika, wawili wawili, na hakuna kushuka ukingoni hata kwa picha. Saa 6 warudi mjini, sala ya Ijumaa, na wasiosali waandae chakula.

Mchana mpira. Hili lina sababu ya mahali. Katika miaka ya 1930 watafiti Godfrey na Monica Wilson waliishi na Wanyakyusa na kuandika jinsi mazishi yalivyokuwa: wanawake wanalia, wanaume na vijana wanacheza ngoma uwanjani kwa nguvu, mikuki mkononi, na ngoma hiyo ni sehemu ya maombolezo, si utovu wa adabu. Kijana alikuwa na pake msibani, na pake palikuwa na jasho. Waelezwe hayo kabla ya mechi, kwa dakika mbili, kisha mpira uwekwe kati. Atakayecheza rafu kupita kiasi apewe ugolikipa.

Siku ya 6, Jumamosi: Tukuyu – Matema, mwendo wa saa 3

Ratiba nzima imepangwa ili siku hii iwe Jumamosi, kwa sababu ya soko la vyungu la Lyulilo, mwendo wa miguu kutoka Matema. Wakisi huleta vyungu kwa mitumbwi kutoka Ikombe na vijiji vya mwambao chini ya Milima ya Livingstone. Wanawake huvifinyanga kwa mkono na kuvichoma kwa moto wa wazi. Kutoka Tukuyu waondoke saa 1 asubuhi, kupitia Ipinda, wafike soko likiwa limechangamka.

Kila kijana anachagua chungu kimoja cha kupeleka nyumbani. Kuna miongozo inayoshauri waandike majina ya marehemu kwenye chungu kisha wakivunje. Mbele ya mama aliyekifinyanga na kupiga kasia nacho, huo ni utovu wa adabu tu. Kinunuliwe kikapike. Kifungwe kwa leso au majani makavu, mdomo chini, chini ya siti, kisiwekwe keria ya juu: moto wa wazi hauivishi udongo sawasawa kote, na tuta moja la ghafla linatosha kukipa ufa. Kabla ya kupikia, kilowekwe usiku mmoja, kisha kichemshiwe uji mwepesi kwa moto mdogo ili vitundu vizibe. Wengi huchagua ukubwa wa chungu cha mama au bibi bila kuambiwa.

Ziwani kuna sheria. Asubuhi, kabla upepo wa mwera haujachafua maji, ndiyo saa ya kuogelea. Asiyejua kuogelea maji yasizidi magoti, mtu mzima mmoja yupo majini na mmoja ufukweni, wanahesabu vichwa kila dakika 5. Wenyeji waulizwe mamba wanaonekana wapi, hasa kwenye midomo ya mito. Kichocho kipo Ziwa Nyasa, kwa hiyo familia ziandikiwe kwamba mtoto apimwe wiki 6 hadi 8 baada ya safari. Usiku chandarua kwa kila kitanda bila mjadala. Kyela ina malaria.

Aliyefiwa na mtu aliyezama hatazami maji siku ya kwanza. Apewe kiti kinachotazama milima.

Siku ya 7, Jumapili: Matema

Hakuna gari leo. Kama ni Jumapili ya tatu ya Juni, ni Siku ya Akina Baba, na statasi za simu zitajaa picha za baba za watu. Waambiwe jana yake. Wengine wataomba simu zao zifungiwe hadi jioni.

Kumbukumbu ifanyike saa 10 alasiri. Waandaaji wengi hupenda moto wa usiku, mishumaa na nyota. Kinachoharibika ni kwamba vilio vinafunguka saa 4 usiku, watu wanapelekwa kulala navyo, na kufikia saa 8 nusu ya kundi liko koridoni. Saa 10 alasiri inaacha saa 5 za kuchoka vizuri. Wakae mchangani wakitazama ziwa, mstari mmoja, kama walivyozoea garini. Kila anayetaka anataja jina la marehemu wake na chakula alichokipenda. Basi. Alikufaje halimo. Dua kwa Waislamu, sala kwa Wakristo, asiye na la kusema anapita. Dakika 20 zinatosha kwa watu 12.

Kisha wapike vilivyotajwa, kadiri soko la Matema linavyoruhusu. Kwa watu 16 wenye njaa ya ziwani: mchele wa Kyela kilo 3, mbasa au samaki mwingine wa asubuhi hiyo kilo 5, nyanya kilo 2, vitunguu vya Ruaha kilo 1, nazi 4 kama zimepatikana Kyela mjini, ndizi mkungu mdogo. Mabishano huanza kwenye vitunguu. Mama yangu alikuwa anakaanga mpaka viwe kahawia. Wa kwetu hakaangi kabisa, anachemsha. Chumvi kiasi gani? Humo ndimo marehemu wanapozungumziwa kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote kwenye safari, mara wamerudi wakali, wachoyo wa sukari, wenye kuunguza wali, watu. Mlezi akate vitunguu.

Siku ya 8 na 9: Matema – Makambako – Mikumi

Barabara ile ile kinyume, na kimya chake ni kingine. Safari ya kurudi iwe ya usingizi na muziki. Kitonga sasa inashukwa: gia ya 2 tangu juu, ekzosti breki kama ipo, mguu usilale kwenye pedali. Harufu ya liner zinazoungua ikisikika, gari lisimame zipoe nusu saa, na zisimwagiwe maji. Msoma geji wa siku ya 2 mara nyingi huomba siti ile ile.

Makambako usiku, walezi wapige simu kwa kila nyumba. Swali ni moja: kuna kilichobadilika? Siku 10 mtoto akiwa hayupo ndizo ambazo ndugu huona zinafaa kugawa nguo za marehemu, kupangisha chumba chake, kuuza pikipiki. Walionywa kabla ya safari wasifanye, na bado wapo wanaofanya kwa nia njema. Kama imetokea, kijana aambiwe na mlezi, faragha, wakiwa Mikumi, ili apate usiku mmoja na kundi lake kabla ya kuuona mlango uliofungwa kufuli geni.

Siku ya 10, Jumatano: Mikumi – Dar es Salaam

Kundi la WhatsApp la watu 12 lenye ahadi nyingi hunyamaza baada ya wiki tatu, na anayeandika wa mwisho bila kujibiwa anaumia. Wagawanywe wawili wawili au watatu watatu, kwa chaguo lao, wakubaliane siku ya kupigiana. Karani aandike tarehe za kifo za wote kwenye daftari na kila mmoja anakili ya mwenzake. Siku hiyo ya mwaka ikifika, simu ipigwe kabla ya saa 4 asubuhi. Walezi wa safari nao wapige baada ya wiki 1, wiki 4 na miezi 3, na asiyepatikana afuatwe nyumbani.

Chalinze wanasimama mara ya mwisho. Konda anahesabu watu, mabegi, vyungu na vile vitu vya marehemu, kimoja kimoja, kwa kusoma orodha ya siku ya kwanza, kwa sababu kitu kilichosahaulika Mikumi bado kinaweza kupigiwa simu leo kikapakiwa basi la kesho. Mbezi wanapokelewa na waliosaini barua, si na mjumbe wao. Mpokeaji anasaini, anaelezwa chungu kinavyolowekwa, anapewa karatasi ya kipimo cha kichocho. Karani anaandika kilomita za mwisho na lita zilizobaki.